Msururu Niliofuta Ufuoni

Kazi yangu ni kupiga picha upande wa wanawake. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia mpiga picha hudhani ni mtu wa magazeti. Mimi ni wa arusi. Kwetu Waa, na ukiteremka hadi Msambweni, siku ya kumpamba bibi arusi wanaume hawaingii, na simu za wageni hukusanywa mlangoni ndani ya beseni. Mle ndani wanawake wamejiachia, nywele wazi, mabega wazi, wanacheza mpaka jasho. Mwenye kamera ni mmoja tu, naye ameruhusiwa kwa sharti moja: akiambiwa futa, anafuta.

Sharti hilo halikuandikwa popote. Nililipokea kwa mama aliyenifundisha kazi. Aliniambia, "Usibishane, usiulize kwa nini. Geuza kioo cha kamera aone kwa macho yake. Na usifute ile moja tu. Futa msururu mzima, za kabla na za baada, ili akilala alale." Nimefanya hivyo miaka yote. Makosa ninayo mengi. Kuna bibi arusi mmoja wa Bodo niliyempiga akiwa amefumba macho, picha tatu kati ya nne, na mama yake hajanisamehe. Lakini hakuna mwanamke aliyewahi kusema kwamba picha yake ilivuja kupitia mkononi mwangu. Hilo ndilo jambo moja ninalojivunia, nami sikusoma zaidi ya darasa la nane, sina cheti cha kuweka ukutani. Ndilo hilo hilo lililotaka kumkosesha kazi mume wa mdogo wangu.

Shemeji ni mtu wa Kinango. Alikulia na ng'ombe na punda, kisha akaja Ukunda kutafuta riziki, akaajiriwa kutunza farasi wanaobeba wageni ufuoni Diani. Mashindano ya polo yalipoanza kuletwa huku, mwenye farasi akamweka kwenye kazi ya kuwavisha matandiko. Shemeji ndiye aliyeniita.

"Shemeji, njoo na kamera yako," alisema. "Uone watu wazima wanavyogombania mpira juu ya farasi."

"Wanagombania kwa nini, hawana mpira wa pili?"

"Njoo ucheke mwenyewe."

Nikaenda, na sikucheka. Kwa asiyejua, polo ni mchezo wa mpira unaopigwa kwa kigongo kirefu, mchezaji yuko juu ya farasi anayekimbia. Ufuoni kwetu hucheza watatu kwa watatu, na mpira wenyewe ni mkubwa, wa kujazwa upepo, maana mdogo ungezama mchangani. Huchezwa maji yakitoka, mchanga ukiwa umekaza. Waandaaji hufunga kamba yenye bendera kutoka kwenye miti ya mivinje mpaka chini karibu na maji. Ndani ya kamba kuna viti, miavuli na vinywaji. Nje ya kamba ndiko nilikosimama, pamoja na wauza vinyago, watu wa ngamia, na akina mama waliokuwa wakirudi na ndoo zao kutoka mwambani.

Nilichopenda kwanza ni mikia. Mikia ya farasi husokotwa na kufungwa juu kwa utepe ili isinaswe na vigongo. Inasokotwa kwa utulivu vile vile tunavyomsokota bibi arusi nywele, na farasi husimama vile vile, amechoka lakini anajua leo ni siku yake. Nikapiga. Bibi arusi hakimbii, kwa hiyo picha zangu za kwanza za mchezo zilikuwa mchanga, nusu ya kofia, na mguu wa nyuma wa farasi ambaye mwenyewe ameshapita. Shemeji alizitazama akasema, "Hii ni picha ya upepo." Lakini niliendelea kwenda kila walipocheza. Hakuna aliyenilipa. Nilikuwa mtazamaji kama watazamaji wengine, ila nina kamera.

Nilijifunza mambo kwa shemeji. Aliniambia mkanda wa tumbo, ule unaoshika tandiko, hufungwa mara mbili. Farasi ana ujanja wa punda: akihisi mkanda anajaza pumzi, tumbo linavimba. Ukifunga ukaondoka, akitoa pumzi mkanda unalegea, na tandiko linazunguka na mtu wake. Basi unafunga, unamzungusha kidogo, unangoja ashushe pumzi, halafu unakaza mara ya pili kwa mikono miwili. "Ya kwanza ni salamu," alisema shemeji. "Ya pili ndiyo kazi."

Jumamosi ile nilikuwa nimesimama pale pale, upande wa maji, karibu na mahali wanapobadilisha farasi. Nilimpiga shemeji akifunga mkanda wa farasi mmoja mwekundu mwenye alama nyeupe usoni. Nikapiga tena, na tena, kwa sababu jua lilikuwa zuri kwenye ngozi yake, ya farasi nasema. Mchezaji akapanda, wakaingia uwanjani. Dakika chache tu, farasi alipogeuka kwa kasi, tandiko likateleza ubavuni, na yule bwana akaanguka. Nilimpata hewani. Ilikuwa picha yangu ya kwanza ya mchezo isiyokuwa ya upepo.

Aliinuka ameshika kifundo cha mkono. Watu wakapiga makofi kumpa moyo. Mara akanijia bwana mmoja wa waandaaji, shati jeupe, redio ya mkononi kiunoni. Nitasema haki yake: hakunisukuma wala hakunipandishia sauti.

"Mama, samahani. Umempata akianguka?"

"Nimempata."

"Tungeomba uifute. Mtu ameumia. Si vizuri izunguke kwa simu za watu kabla ya nyumbani kwake kuambiwa."

Kidole kilikwenda chenyewe. Nikageuza kioo, nikamwonyesha, nikafuta. Kisha nikarudi nyuma kwenye msururu.

"Na hizi za kabla," nikasema. "Tazama. Na hizi."

"Hapana mama, hizo si lazima."

"Mimi nikifuta, nafuta."

Alisema si lazima. Nayaandika maneno yake kwa sababu ningeweza kuyaacha na lawama yote ingekuwa yake. Alisema si lazima, nami nikafuta kwa majivuno, moja baada ya nyingine, kama niliyekuwa mlangoni mwa arusi na beseni liko miguuni pangu. Akasema asante, mimi ni mtu mwelewa. Nilikwenda nyumbani nimefurahi.

Jioni mdogo wangu alinipigia analia. Shemeji ameambiwa asirudi kazini mpaka atakapoitwa, na hakuna aliyeonekana kutaka kumwita. Wanasema hakukaza mkanda.

Kisha shemeji akachukua simu mwenyewe. "Shemeji, si ulinipiga nikifunga ule mkanda?"

"Nilikupiga."

"Alhamdulillahi. Ziko wapi?"

Ilibidi nimwambie. Nina daftari ambalo huandika mambo ya siku, si kila siku. Ukurasa wa siku ile una mstari mmoja: Nimefuta na za shemeji.

Sijui mambo ya mitambo, lakini nilikumbuka kusikia kwamba kilichofutwa kwenye kadi ya kamera hakiondoki mara moja. Nikaitoa ile kadi, nikaifunga kwenye pembe ya leso, nikaazima kadi nyingine kwa arusi ya Ijumaa. Jumatatu nikateremka Ukunda kwa fundi mmoja mtu wa bara, mnene, mwenye duka dogo lililojaa nyaya.

"Mathe, tangu ufute, umepiga picha ingine kwa hii kadi?"

"Hata moja."

"Poa sana. Watu wengi huja hapa wakiwa wameshaharibu. Wewe umesoma hii maneno wapi?"

"Sikusoma. Niliogopa tu."

Akacheka, akaitia kadi kwenye kompyuta. Zikaanza kurudi. Nyingine nzima, nyingine nusu picha na nusu kijivu. Nilikuwa nikimwomba Mungu anipe moja. Alinipa tatu, na huo ndio ukawa mtihani.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Shemeji ameweka goti kwenye mbavu za farasi, mikono miwili, anavuta mkanda, mishipa ya shingo imesimama. Ya pili, kwa mpangilio wake, ndiyo ile ya kukaza mara ya pili. Shemeji ana mkono mmoja kwenye mkanda. Simu ameibana kati ya sikio na bega, na mkono wa pili unaishikilia isianguke. Ya tatu, mchezaji yuko juu tayari, ameinama, ameinua mguu, na mkono wake uko chini ya ubawa wa tandiko, pale pale kwenye kifungo cha mkanda. Anakaza au analegeza? Niliikuza mpaka ikawa nukta nukta. Sikuona. Naapa sikuona.

Na ile ya kuanguka nayo ilirudi, nzima. Nikaifuta tena pale pale dukani, fundi akashangaa. Yule bwana wa shati jeupe aliniomba kwa sababu iliyo sawa, nami nilimpa neno. Lakini hizi tatu hakuziomba.

Fundi akazirudisha kwenye kadi, nikazipeleka kwa mdogo wangu. Shemeji alizitazama kwenye kioo cha kamera. Ya kwanza akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Ya tatu akapiga paja: "Mwone! Mwone mkono wake!" Ya pili akaifunika kwa kidole gumba.

"Hii ya simu ifute," akasema.

Nikaitoa kamera mkononi mwake.

"Shemeji. Peleka ya kwanza na ya tatu. Hii yaniua."

"Nikipeleka, napeleka zote."

"Hee! Wewe wajua kufuta za wageni, mtu hata hajakwisha kuomba. Zangu ndizo wakataa?"

Neno hilo liliniingia, maana lilikuwa kweli. Mdogo wangu akaja karibu, akaongea pole pole, na pole pole yake ni mbaya kuliko kelele.

"Dada, mimi ndiye niliyempigia. Nilimwambia apitie unga. Unga, dada! Basi fanya ni mimi nakuomba. Mwanamke akikwambia futa, wafuta. Mimi si mwanamke?"

"Ungekuwa ukumbini ningefuta."

"Na hapa ni wapi?"

Nilirudi Waa na kadi kwenye pembe ya leso, na siku mbili nzima nilijiuliza kama mimi ni mtu wa haki au ni mtu wa kichwa kigumu tu anayejificha nyuma ya haki. Bado sijui. Kidole kilikuwa tayari, kimezoea. Kufuta ni rahisi, mtu unasifiwa kwa kufuta. Nilichoweza kujiambia ni hiki: arusini nafuta ili kumfichia mwanamke kilicho chake. Nikifuta ya simu na kuacha ya yule mchezaji, nitakuwa ninamwekea mtu mwingine kisicho chake, mtu aliyeumia mkono, na sijui kama alifanya lolote. Na nikizifuta zote, shemeji atabaki na maneno yao matupu. Basi ziende zote, au isiende hata moja. Nikampigia mdogo wangu kumwambia ninazipeleka zote. Alikata simu.

Nilikwenda Diani peke yangu, asubuhi maji yakijaa, mpaka kwenye mabanda ya farasi nyuma ya mivinje. Nilikuwa nimezitoa picha zile tatu kwenye karatasi, kubwa, kwa pesa ya arusi. Aliyenipokea alikuwa bwana wa shati jeupe, safari hii shati la buluu.

"Mama, shikamoo. Leo hakuna mchezo."

"Marahaba. Nimemletea mwenye farasi picha za mkanda."

Akazitazama, uso ukabadilika. "Hizi si ulifuta? Mbele yangu?"

"Nilifuta. Nimezirudisha."

"Ulinipa neno lako."

"Nilikupa kwa ile ya kuanguka. Ilirudi pamoja na hizi, nikaifuta mara ya pili ingawa hukuwepo. Hizi uliniambia si lazima. Wakumbuka?"

Alikumbuka. Nasema haki yake, hakukana. Lakini akashika njia nyingine. "Hata hivyo, mama, kuna utaratibu. Kuna mpiga picha wetu, ana kadi shingoni. Wewe hukuwa na ruhusa ya kupiga mchezo ule."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya waandaaji."

Hapo ndipo niliposikia joto likipanda kutoka miguuni. Maisha yangu yote nimeomba ruhusa mlangoni. "Bwana," nikasema, "arusi ina mwenyewe, na mlango wake una beseni. Mwenyewe akiniambia toka, natoka. Niambie hapa mlango uko wapi. Nilisimama penye mchanga uliolowa. Sasa hivi maji yako juu yake. Nionyeshe aliyeweka mlango pale nami nitamwomba radhi."

"Sibishani nawe, mama. Naomba tu uzifute, mambo yaishe."

"Sifuti."

Neno dogo hivyo, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulisema. Nikalirudia nilisikie. "Sifuti hizi."

Mwenye farasi alikuwa ametoka bandani, mzee mrefu wa kofia ya majani, ndoo mkononi. Alikuwa amesikia. "Mwache azilete," alisema. Akanivutia kiti, akafuta miwani kwa shati, akazitazama moja moja kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikamweleza kila moja ninavyoijua, na pale nisipojua nikasema sijui. Ya simu niliianza mimi mwenyewe, kabla hajaiuliza.

"Hapa amekosa," akasema.

"Amekosa."

"Lakini mkono uko kwenye mkanda."

"Mmoja."

Akaishika ya tatu. "Na huyu anafanya nini?"

"Sijui, mzee."

"Analegeza?"

"Sijui. Huenda alikuwa anakaza."

"Wewe si shemeji yake huyu mtu wangu? Ungeweza kusema analegeza, nani angekubishia?"

"Ningeweza."

Aliziweka mezani, akatazama banda. Farasi mwekundu alikuwa ametoa kichwa, anatafuna. "Basi mimi sijui, wewe hujui," akasema. "Na mimi nilimfukuza mtu kama ninayejua."

Shemeji alirudishwa wiki ile. Lakini hakurudishwa kwenye mkanda. Kwa sababu ya ile simu alipewa koleo, michezo miwili mizima akizoa mavi ya farasi huku wenzake wakivisha matandiko. Hilo ndilo nililomletea. Kazi yake nilimrudishia, na koleo pia. Hakunisemesha. Mwezi wa Ramadhani mdogo wangu aliniletea futari, viazi vya nazi na kaimati, akaweka bakuli mlangoni, akasema, "Bakuli nalitaka," akaondoka. Nilikula. Kaimati zilikuwa nzuri. Nilijaribu kuwachukia nikashindwa, nikajaribu kujuta nikashindwa pia.

Mchezo wa tatu nilikwenda kama kawaida. Kamba ilikuwa imefungwa tena, bendera mpya. Nikasimama pale pale. Shemeji akatoka bandani akivuta farasi mwekundu, bila koleo. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye kamba. Hakuniamkia. Akatoa simu mfukoni, akaitumbukiza ndani ya kikapu nilichotundika begani, kama wanawake wanavyotumbukiza zao kwenye beseni la arusi, akageuka akaenda zake.

Bwana wa shati jeupe naye akaja. Maji yalikuwa yameanza kupanda, yamenifika vifundoni.

"Mama, leo tuelewane. Mstari huu wa mbele ni wa wenye kadi. Sogea nyuma ya miavuli, tafadhali, hata kiti nitakupa."

"Ahsante kwa kiti. Nitasogea maji yakinisogeza."

Akaitazama bahari, akanitazama, akataka kusema kitu, redio ikamwita. Nikapanga kamera. Shemeji alifunga mkanda mara ya kwanza, akamzungusha farasi, akasimama akingoja. Nikaona tumbo la farasi likishuka. Akakaza mara ya pili, mikono miwili, goti kwenye mbavu, kisha akainua uso akanitazama kwa hasira mpaka nilipobonyeza.

Kikapuni simu ikalia. Maji yalikuwa magotini. Nikaipokea kwa mkono mmoja.

"Mbona washika wewe?" mdogo wangu akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu lile bakuli.

"Yuko kwenye mkanda."

Nilisikia mchi ukigonga kinu kwa jirani yake.

"Nilitaka kumwambia habari ya unga," akasema.

"Kilo ngapi? Nitaupitia mimi."